Kabati Zisizo na Ufunguo: Je, Zinafaa Jengo la Kikundi Chenu?



Kila kikundi chenye jengo lake kinajua taabu ya ufunguo. Cherehani ziko ndani, vitambaa viko ndani, daftari za akiba ziko ndani, lakini mwenye ufunguo amekwenda matanga na hatarudi mpaka Jumatatu. Au ufunguo umeanguka njiani kutoka sokoni, na hakuna ajuaye ameuokota nani. Mbaya zaidi ni siku kitu kinapopotea. Mlango haujavunjwa, kufuli haijaguswa, na macho yote yanamgeukia yule mama mmoja aliyepewa ufunguo. Hata kama hana hatia, jina lake limeshachafuka, na kikundi kinaweza kuvunjika hata kama pesa zake ziko salama benki.

Siku hizi kuna kabati ndogo ndogo za chuma au mbao ambazo hazina ufunguo. Zinafungwa na kufunguliwa kwa namba ya siri, kwa kadi, au kwa kidole. Vijana wetu wanaofanya kazi mjini, katika viwanda, hospitali na maofisi, wanazifahamu. Wanaziita loka. Mfanyakazi akifika kazini anaweka mfuko wake ndani, anafunga, anaingia zamu. Sasa wauzaji wameanza kuzipeleka hata mashambani, na kamati za vikundi zinaulizwa kama zinataka kununua. Kwa hiyo tumeona ni vizuri tueleze jinsi zinavyofanya kazi, zinafaa wapi, na wapi kikundi kitakuwa kimetupa pesa zake bure.

1. WAZO HILI LILITOKA WAPI

Hoteli kubwa zilikuwa na shida kama yetu. Mgeni analala usiku mmoja, anaondoka na ufunguo mfukoni. Hoteli haijui kama ameupoteza, au ametengeneza mwingine ili arudi kuiba. Kila ufunguo ukipotea, kufuli nzima ingefaa kubadilishwa, na hiyo ni gharama. Katika miaka ya 1970 fundi mmoja wa Norway, Tor Sørnes, alitengeneza kufuli ya hoteli iliyofunguliwa kwa kadi ya plastiki yenye matundu. Matundu ya kadi yalikuwa ndiyo siri. Mgeni mpya akija anapewa kadi yenye matundu mengine, na kadi ya zamani haifungui tena. Baadaye zikaja za umeme.

Hapo ndipo faida yake ilipo. Kufuli ya ufunguo ikipoteza siri yake, unabadilisha chuma. Kufuli ya namba ikipoteza siri yake, unabadilisha namba tu, na chuma kinabaki pale pale.

2. NDANI YA KUFULI KUNA NINI

Watu wengine wanaogopa kitu chenye umeme wakidhani ni mambo ya wataalamu tu. Hebu tuifungue tuone. Ndani kuna vitu vinne.

Kwanza, vibonyezo vya namba, kama vile vya simu. Pili, kibao kidogo chenye chipu, ambayo ndiyo akili yake. Chipu inakumbuka namba ya siri na kuilinganisha na ile uliyobonyeza. Tatu, mota ndogo sana, au sumaku ya umeme, ambayo inavuta kipini kimoja. Nne, betri, haya mawe madogo ya tochi tunayoyajua.

Ukibonyeza namba sawasawa, mota inavuta kile kipini. Komeo sasa limeachiliwa, na wewe mwenyewe unazungusha mkono wa kufuli kufungua mlango. Yaani umeme haufungui mlango, unaondoa kizuizi tu. Nguvu ni ya mkono wako. Ndiyo sababu mawe manne yanaweza kudumu miezi mingi.

Swali ambalo wengi wanauliza ni hili: mawe yakiisha, je, namba zinafutika? Katika kufuli nyingi za siku hizi, hapana. Chipu inaendelea kukumbuka hata bila umeme. Lakini mlango uliokuwa umefungwa utabaki umefungwa. Kufuli nzuri inatoa onyo mapema, inalia au inawasha taa nyekundu wiki kadhaa kabla. Tena ina njia ya dharura: sehemu ya nje unapogusisha betri ya mraba ya volti 9, au tundu la ufunguo wa msimamizi. Muuzaji asipoweza kuwaonyesha njia hiyo kwa macho yenu, msinunue.

3. AINA ZAKE

(a) Ya namba bila betri. Hii ina magurudumu madogo yenye namba, unayazungusha mpaka yapangane. Haina umeme hata kidogo. Kwa kijiji ambacho mawe yanapatikana kwa shida, hii ndiyo ya kufikiria kwanza.

(b) Ya namba yenye betri. Inaweza kupangwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, kila mtu ana kabati yake na namba yake ya kudumu. Njia ya pili, kabati ni ya yeyote anayefika: unaweka vitu, unabuni namba yako, unafunga. Ukirudi unabonyeza namba ile ile, inafunguka na kuisahau, na anayekuja nyuma yako anaweka yake. Njia hii ya pili inafaa mahali ambapo watu wanabadilishana, kama wauguzi wa zamu au wanafunzi wa semina ya siku tatu.

(c) Ya kadi. Kadi yenyewe haina betri. Inapata umeme kidogo kutoka kwa kufuli ikisogezwa karibu, kisha inaita jina lake. Ni rahisi kwa mzee asiyekumbuka namba. Lakini kadi nazo zinapotea kama funguo, na aina za zamani zinaweza kunakiliwa na mtu mwenye kifaa cha bei ndogo. Uzuri wake ni kuwa ikipotea inafutwa, basi.

(d) Ya kidole. Hapa tunawaomba mtulie. Mikono ya mkulima, ya mpasua mawe, ya mama anayefua na ya fundi wa simiti imesugulika, na alama za vidole hazionekani vizuri. Kufuli itawakataa wenye mali. Kitu kingine ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu alama za vidole kuwa habari nyeti za mtu. Kikundi hakiwezi kuzikusanya ovyo ovyo. Na mjue kuwa namba ikiibwa unabadilisha, lakini kidole hubadilishi.

(e) Ya intaneti, inayoongozwa kwa simu au kompyuta. Hizi zinahitaji stima na mtandao wa kutegemewa. Ziacheni kwa maofisi makubwa ya mjini.

4. NAMBA YA SIRI INA NGUVU GANI?

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika.

Kufuli yenye magurudumu matatu ina namba 1,000, kutoka 000 hadi 999. Mwizi mvumilivu akijaribu moja kila sekunde tano, atazimaliza zote kwa muda usiofika saa moja na nusu. Akiachwa peke yake jengoni mchana mmoja, amefungua. Ya magurudumu manne ina namba 10,000. Kwa mwendo ule ule, itamchukua karibu saa 14. Tofauti ya gurudumu moja tu!

Ya betri ina ulinzi mwingine. Mtu akikosea mara kadhaa, inagoma kwa dakika chache. Tuseme inagoma dakika tano kila baada ya makosa matano. Kuzijaribu namba zote 10,000 kutamgharimu mwizi karibu siku saba, mchana na usiku, za kungoja tu. Kwa hiyo ulizeni: hii ikikosewa inagoma? Kwa muda gani?

Lakini mwizi mjanja hajaribu namba zote. Anajaribu 1234. Anajaribu 0000. Kisha anajaribu mwaka uliozaliwa, na miaka ya kuzaliwa ya watu wazima wote kijijini haifiki mia moja. Kisha anajaribu namba nne za mwisho za simu yako, ambazo anazo tayari. Hata ule wimbo unaoupenda kanisani, namba yake inajulikana na kwaya nzima!

Jambo lingine ni vumbi na mikono. Kibonyezo kinachoguswa kila siku kinang'aa au kinachakaa kuliko vingine. Mtu akiona vibonyezo vinne vimechakaa, hana namba 10,000 tena za kujaribu. Namba nne tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 24 tu. Dawa yake ni mbili: badilisheni namba kila baada ya miezi mitatu, na mfute vibonyezo kwa kitambaa kikavu.

Mtu achague namba namna gani basi? Unganisha vitu viwili vya zamani ambavyo wewe tu unavijua. Kwa mfano, miembe iliyokuwa kwa babako ilikuwa 7, na hatua kutoka mlango wenu hadi kisimani zilikuwa 43. Namba ni 0743. Hutaisahau, na hakuna wa kuikisia. Lakini msitumie mfano huu, maana sasa umeandikwa hapa. Tena isiwe ile ile ya M-Pesa. Anayekuchungulia ukifungua kabati asipate na mlango wa pesa zako.

5. NAMBA KUU: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Kufuli nyingi za namna hii zina namba kuu ya msimamizi. Inafungua kabati zote. Inahitajika, kwa sababu mwanachama anaweza kusahau namba yake, anaweza kulazwa hospitali, na hata kufariki huku kabati imefungwa.

Kufuli ikitoka kiwandani, namba kuu yake mara nyingi ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha maelezo, na ni moja kwa kufuli zote za aina hiyo. Yeyote mwenye kitabu kile anaweza kufungua zenu. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla mtu hajaweka hata kijiko ndani, ni kubadilisha namba kuu.

Sasa nani aijue? Tukisema mwenyekiti peke yake, tumerudi palepale pa yule mama mwenye ufunguo. Hapa tujifunze kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, na ukaenea Afrika nzima, unajulikana kwa sanduku la kufuli tatu. Funguo tatu zinawekwa na watu watatu tofauti, na sanduku halifunguki mpaka wote wamekuja mkutanoni. Si kwamba watu hawaaminiani. Ni kwamba mtu mwema asiwekwe katika majaribu, wala katika shaka.

Fanyeni vivyo hivyo na namba kuu. Ikiwa ina tarakimu sita, mwenyekiti abuni na kubonyeza tatu za kwanza, wengine wakiangalia pembeni. Mweka hazina abonyeze tatu za mwisho. Hakuna anayeijua yote. Kila mmoja aandike sehemu yake kwenye karatasi, aitie katika bahasha yake, na wanachama wawili watie sahihi juu ya mahali ilipofungwa. Bahasha hizo ziwekwe nje ya jengo, mahali ambapo kikundi kimekubaliana, kwa mfano moja katika ofisi ya parokia na nyingine kwa mzee wa kanisa.

Kila mara namba kuu inapotumika, iandikwe: tarehe, kabati namba gani, sababu, waliokuwepo, vilivyokutwa ndani, na sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kufuli nyingine zinahifadhi zenyewe habari za nani alifungua na lini, lakini daftari la mkono kila mwanachama anaweza kulisoma bila fundi.

Akifariki mwanachama, kabati yake isifunguliwe na kamati peke yake. Mtu wa familia awepo. Orodha isomwe kwa sauti. Jambo hili dogo linaondoa maneno mengi.

6. VITU VYA KUWEKA NA VISIVYOFAA

Kufuli ni imara kama mlango wake tu. Kabati ya bati jembamba inafunguliwa kwa mtaimbo katika dakika moja, hata kufuli yake iwe na namba milioni. Zifungeni ukutani kwa bolti, na vichwa vya bolti viwe ndani.

Vinavyofaa ni nguo za kazi, vifaa vya mkono, vitambaa na nyuzi, vitabu vya masomo, mihuri na daftari za kila siku. Visivyofaa ni hivi: pesa za kikundi kulala humo, hati za shamba, na simu inayochajiwa, maana joto halina pa kutokea. Chakula nacho kinaita panya. Pesa zibaki katika sanduku la kufuli tatu mpaka zifike benki au kwenye SACCO.

7. GHARAMA AMBAYO MUUZAJI HASEMI

Bei ya kununua ni mwanzo tu. Tuseme mna kabati 20, na kila kufuli inakula mawe manne. Hayo ni mawe 80. Mkiyabadilisha mara moja kwa mwaka, zidisheni 80 kwa bei ya duka lenu, na kila mwanachama ajue fungu lake. Jaribuni hesabu hiyo leo kabla ya kusaini chochote.

Nunueni mawe ya alkali, si yale ya bei ya chini kabisa, kwa sababu haya huvuja maji yanayokula chuma. Msichanganye mapya na ya zamani. Mawe ya kuchajiwa yana volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo manne yanatoa 4.8 badala ya 6, na kufuli nyingine itadhani yamekwisha. Yabadilisheni yote kwa siku moja ya mwaka, kwa mfano siku ya mkutano mkuu, msingoje yalie. Na jengo likifungwa kwa miezi mingi, toeni mawe yote, mkiacha milango wazi.

Vumbi, unyevu na chumvi ya bahari kwa ndugu zetu wa Pwani vinaharibu vibao vya umeme. Ulizeni kama kuna fundi wa karibu na vipuri. Kufuli ambayo fundi wake yuko Nairobi peke yake ni mzigo.

8. BASI TUNUNUE AU TUSINUNUE?

Tuseme ukweli. Kikundi cha watu 15 ambao ni wale wale mwaka hadi mwaka, kila mmoja na kabati yake, hakihitaji umeme. Fundi wa jua kali awatengenezee kabati zenye pete mbili za chuma, na kila mwanachama alete kufuli yake na kuondoka na ufunguo wake. Akiupoteza, hasara ni yake, na hakuna wa kumshuku mwingine. Hiyo ni njia ya gharama ndogo na haina mawe.

Lakini ikiwa jengo lenu linatumiwa na watu wengi wanaobadilika, kama chuo cha ufundi cha kijiji, zahanati yenye wauguzi wa zamu, au ukumbi wa semina, basi kila mwezi mtapoteza funguo na kukata kufuli. Hapo kabati za namba zinaweza kujilipa. Anzeni na nne au tano. Zitumieni msimu wa mvua na msimu wa vumbi, ndipo mwongeze.

Mkumbuke wale wasioona vizuri. Vibonyezo vingi vina kinundu kidogo juu ya namba 5, na mtu akishakipata kwa kidole anajua nyingine ziko wapi. Wapeni kabati za katikati, za kimo cha kifua, si zile za chini za kuinamia. Na asiyesoma asifunguliwe kila siku na jirani yake, kwa sababu siri ya watu wawili si siri. Afundishwe taratibu mpaka aweze mwenyewe. Anayetuma pesa kwa simu anaweza kujifunza hii.

Mwisho, hakuna kufuli inayofanya kazi ya uaminifu. Kufuli inamzuia mgeni, na daftari linamlinda mwenzetu asisingiziwe. Mengine ni ya moyo. Mkutanapo kujadili jambo hili, someni Luka 16:10, kisha mjibizane kwa upole.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika jengo letu, ni nani ana ufunguo leo? Kitu kikipotea, tutamtendea vipi?
2. Wanaotumia jengo ni wale wale, au wanabadilika? Basi ni kabati ya aina gani inatufaa?
3. Mawe ya mwaka mzima yatatugharimu shilingi ngapi, na zitatoka mfuko gani?
4. Tukinunua, namba kuu itagawanywa kati ya nani na nani? Bahasha ziwekwe wapi?
5. Nani ataandika daftari, na nani atalikagua?

Katibu aandike majibu, na yasomwe tena mkutano unaofuata kabla ya kupiga kura. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.